Nilimwona Baba Mkwe Akisahau Washa ya Bomba, Nikanyamaza

Kwako Mshauri wa gazeti letu,

Naandika kwa aibu, naomba unisaidie ingawa ukimaliza kusoma huenda ukanichukia. Mimi ni mke wa mtu, kwetu ni milimani Ileje, lakini tunakaa Mbozi upande wa Ihanda, ambako nafua na kufagia kwa mzungu mwenye shamba la kahawa, na baba mkwe wangu, ambaye jina lake silitaji kwa kuwa kwetu mke hamtaji mkwewe, wala hakai naye chumba kimoja, wala hamtazami usoni, ni fundi wa mabomba aliyejifunza kazi hiyo migodini Rodeshia ya Kaskazini, mpaka vumbi likamharibu kifua akarudi nyumbani.

Jumamosi moja memsabu, mke wa huyo mzungu, alimwita mkwe wangu kubadilisha bomba la sinki la jikoni, maana la zamani lilikuwa likidondosha maji hata ulikaze kwa mikono miwili. Mimi nilikuwa stoo napanga unga, na stoo ile haina mlango mwingine ila wa kutokea jikoni, basi niliposikia kikohozi chake nikaurudisha mlango nikabaki humo, namwona kwa ufa tu, na hilo la kuchungulia nalo ni aibu, najua. Bomba alilopewa halikuwa jipya, lilitolewa nyumba ya zamani ya shambani, kwa hiyo alilifungua, akalisugua kutu, akakata washa, kile kipete cha kuzuia maji, kwenye mpira wa tairi, akaiweka ukingoni mwa sinki. Memsabu akamwita nje akatazame tangi. Aliporudi, mkono wa koti lake uliipangusa ile washa ikaanguka, ikabiringika mpaka mlangoni kwangu, naye hakuona, akafunga bomba bila washa, akazungushia katani, akalikaza kwa spana, akaenda zake. Tangi lilikuwa tupu siku ile, kwa hiyo hakulijaribu kwa maji.

Jumapili asubuhi mkokoteni ukaleta maji, tangi likajazwa, sote tukaenda ibadani. Tuliporudi bomba lilikuwa linamwaga, tundu la sinki limezibwa na sahani, maji yamefika stoo, unga wote umelowa na mbegu za kahawa za bwana zimeharibika. Memsabu akamwambia mkwe wangu mbele ya wafanyakazi kwamba yeye si fundi, ni mwongo. Sasa mpaka Nanyala wanamwita Fundi Mafuriko, hakuna anayemwita kazini, naye amesema kahawa ikishavunwa atavuka mpaka wa Tunduma arudi migodini, na mama mkwe analia kwa sababu mzee huyu hawezi kupanda hata kilima cha kisimani bila kusimama mara tatu.

Mshauri, ningeweza kukohoa. Ningeweza kuisukuma ile washa kwa fagio. Hata alipokwisha kuondoka, Ruti mpishi alirudi jikoni akaniuliza kama kazi imekwisha, nikamjibu imekwisha. Watu wakijua watasema ni heshima ya mkwe iliyonifunga mdomo, lakini wewe nakuambia ukweli, nilifurahi. Wiki moja kabla nilimsikia akimwambia mume wangu, “Miaka mitatu inatosha. Tafuta mwanamke anayezaa.” Nilitaka naye aonekane hafai kitu. Sasa ameonekana, na mimi silali. Nikisema nitarudishwa kwetu, nikinyamaza anaondoka. Nifanye nini?

Mwenye Aibu, Mbozi

MSHAURI ANAJIBU

Binti, barua yako nimeisoma mara mbili. Sikuchukii, ila umeniudhi, na nadhani ulitaka mtu wa kukuudhikia ndiyo maana ukaniandikia mimi.

Tuanze na heshima ya mkwe. Imekukataza kumtazama mzee, wewe ukamchungulia. Haikukukataza kumtuma Ruti amkimbilie njiani, tena ndiyo kazi ya mtu wa katikati, na kwenu Ileje hata mtoto analijua hilo. Kwa hiyo umeivunja pale ulipotaka kuona na ukajificha nyuma yake pale ulipotakiwa kusema. Usiitaje tena katika jambo hili.

Maneno aliyosema juu yako yalikuwa makali, na nakuonea uchungu kweli. Miaka mitatu si kitu, na kutozaa si kosa la mwanamke peke yake. Lakini jibu la maneno hayo ulipaswa kulitafuta kwa mumeo, si kwenye unga wa memsabu.

Nikuondolee pia mzigo usio wako. Marehemu mume wangu alikuwa fundi, na hakuondoka kwenye bomba kabla hajaona maji yakipita na yakikatika. Bomba lisilo na washa hata ulikaze mpaka spana ivunjike halifungi, na ndoo moja ya maji iliyomiminwa tangini ingemwonyesha hivyo. Mzee alifanya haraka. Hilo ni lake, na kwa fundi wa miaka mingi ni kosa la siku moja. Lakini kwamba anaitwa mwongo na wewe unaujua ukweli, hilo ndilo deni lako.

Sasa fanya hivi. Usingoje mavuno. Kesho asubuhi, kabla hujashika ufagio, nenda kwa memsabu pamoja na Ruti, useme uliona nini na ukanyamaza kwa nini, na umwombe aseme mbele ya wafanyakazi walewale kwamba alimkosea mzee. Akikufukuza kazi, ondoka kwa adabu. Siku hiyohiyo mwambie mumeo, yeye ampelekee baba yake. Usimfiche ile sehemu ya kufurahi, kwa sababu bila hiyo utakuwa umeomba radhi kwa kosa jingine.

Siwezi kukuahidi kwamba hutarudishwa kwenu. Huenda ukarudishwa. Lakini kwenu utafika ukiwa mzima, na njia ya kurudi kuomba radhi itakuwepo. Mzee akishuka mgodini na kifua kile, hatakuwepo wa kuombwa.