Daftari la Ndege na Mashamba ya Mikokoni

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Kabla sijasema lolote nijulishe mguu wako unaendeleaje, maana Dada Fausta aliniambia umerudi shambani ukiwa bado unachechemea. Mvua zimeshika huko Singida? Uwele umeota, au mmelazimika kurudishia mbegu? Mimi mwili ni mzima, namshukuru Mungu. Moyo ndio wenye habari, na nakuandikia kwa kalamu kwa sababu kwenye simu ungenikatiza kabla sijafika mwisho.

Mama, mwezi wa kumi na mbili nilikwambia siji nyumbani kwa sababu ya semina ya walimu. Hapakuwa na semina. Najua ulihisi nina mwanamume huku, maana uliniuliza mara tatu semina ni ya siku ngapi. Hakuna mwanamume. Nilibaki ili niangalie ndege.

Usicheke kwanza. Hapa delta maji yakipwa, tope hubaki wazi mpaka mbali, na ndege hushuka kwa makundi: vitwitwi, sululu wenye midomo iliyopinda, na ndege mmoja mweupe mwenye mgongo mweusi ambaye chakula chake ni kaa. Nyumbani ndege alikuwa mwizi wa uwele, tukimwona tunaokota jiwe. Huku nimejifunza kumtazama bila jiwe, na nimeona ni raha ambayo sikuijua.

Aliyenianzisha ni kaka mmoja wa Dar, anaitwa Edwin. Alikuja likizo mwezi wa tisa, akafika shuleni na begi mgongoni kuuliza nani ana boti ya kukodi. Alisema anafanya kazi benki, na kila likizo huenda kuangalia ndege. Alishafika Zambia, alishafika Thailand, safari hii akaona aangalie wa nchi yake mwenyewe. Nilitoka naye siku mbili, pamoja na Bi Somoe, mama mwenye nyumba wangu, ambaye hakukubali nipande boti na mwanamume nisiyemjua. Edwin alipoondoka aliniachia darubini yake ya zamani, akaniomba nihesabu wale ndege wala-kaa na kumtumia orodha. "Hata picha ya daftari inatosha, mwalimu," alisema.

Basi likizo nzima, kila maji yakipwa, mimi niko kwenye tope. Niliandika kila nilichokiona. Nikienda Nyamisati, ambako mtandao wa kutuma picha unashika, napiga picha kurasa na kumtumia.

Watu wakaanza kubadilika. Mwanamke anayeniuzia samaki akasema wameisha, na mikia naiona ndooni. Mwenye boti akasema injini mbovu, kisha baada ya saa moja nikaisikia ikipita mkondoni. Wazazi wa wanafunzi wangu, waliokuwa wakinisimamisha njiani kunisalimia, wakawa wanaitikia salamu huku wanatembea.

Bi Somoe ndiye peke yake aliyeuliza. Tulikuwa shambani kwake, juu ya dungu, kile kibanda cha nguzo ndefu ambacho watu wa huku hukaa kulinda mpunga.

"Mwalimu, unaandika nini siku zote?"

"Ndege, Bi Somoe."

"Kwani ndege wanajua kusoma?"

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Mzungu akiangalia ndege, mie sina neno, kwao ndiyo zao. Lakini Mswahili mwenzetu aache kwao, aje kuumwa na mbu, ati anaangalia ndege kwa raha tu? Hilo watu haliwashuki kooni." Akanieleza kuwa miaka ya nyuma walikuja watu na vifaa vya kupimia, wakasema wanaangalia miti tu. Hawakusema wametumwa na nani. Baadaye madungu yakavunjwa, wenyewe wakaambiwa hapa ni mikoko ya serikali, si shamba. "Tangu hapo, mtu mwenye kalamu huku tunamkalia chonjo. Na mwenye darubini ndiyo kabisa."

Asubuhi ya Jumatano, wiki moja kabla ya shule kufunguliwa, niliitwa ofisi ya kijiji. Mwenyekiti, Mzee Mkumba, alikuwa amekaa na wajumbe wake, na wanawake wamejaa barazani. Alisema kwa adabu kabisa, "Mwalimu, hatukutuhumu. Tunaomba tu utusomee daftari lako."

Nikasoma kwa furaha, Mama, ndio ujinga wangu. Nilidhani watacheka yaishe, na kweli mwanzoni walicheka. "Sululu tisa. Vitwitwi wengi, nimeshindwa kuhesabu. Mdiria mmoja juu ya kamba ya kuanikia nguo." Mtu mmoja akasema huyo mdiria ni shemeji yake, baraza likaangua kicheko. Nikafungua ukurasa unaofuata.

"Yangeyange kumi na saba, shamba jipya la Bi Somoe, walipokata mikoko mwaka huu. Wala-kaa sita, nyuma ya shamba la Mzee Mkumba, karibu na magogo yaliyochomwa."

Kicheko kikakatika. Mimi niliyataja mashamba kama mtu anavyotaja kanisa au kisima, ili nikumbuke ndege alikuwa wapi. Lakini pale nilijisikia kwa masikio yao: jina la mtu, mahali alipokata, mwaka aliokata. Mpelelezi aliyetumwa asingeandika vizuri zaidi yangu.

Mwenyekiti akauliza taratibu, "Nani mwingine ameliona daftari hili?"

Nikasema, "Hakuna."

Tulirudi nyumbani mimi na Bi Somoe. Akapakua wali, akakaa mbele yangu.

"Bi Somoe, nimesema uongo. Kurasa tano nilimtumia Edwin."

"Najua," akasema. "Kila ukienda Nyamisati hununui kitu. Unasimama gatini na simu umeinyanyua juu. Nilikuwa nangoja nione kama na mimi utanificha." Akachukua mtandio wake. "Inuka. Wali utapoa, tutaula hivyo hivyo."

Tulirudi ofisini, na Mwenyekiti alinisikiliza mpaka mwisho, hakupandisha sauti. Akataka nimpigie Edwin palepale, wote wasikie.

"Mwalimu! Wala-kaa wangu wapo?" Edwin alianza, mchangamfu.

Nikamuuliza zile kurasa amezipeleka wapi.

"Nimeziweka kwenye kundi letu la watu wa ndege. Wamefurahi sana! Kuna mmoja anaomba ramani ya mahali penyewe."

"Nani huyo?"

"Hata simjui vizuri. Yumo tu kundini."

"Zifute, Edwin. Zina majina ya watu."

"Nitafuta upande wangu. Sasa walioshazihifadhi…" Hakumaliza. "Kwani kuna tatizo gani, mwalimu?"

Mwenyekiti alinionyesha kwa kidole nikate simu.

Mpaka leo najiuliza, Mama. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeshtuka kweli. Lakini benki yenyewe hakuwahi kunitajia ni ipi, na sasa nikimtumia ujumbe hajibu. Pengine anaona aibu. Pengine kuna jingine. Nikimfikiria vizuri naona namkosea, na nikimfikiria vibaya naona nakaribia ukweli, na sijui lipi ni lipi.

Daftari limefungiwa kabatini ofisini. Darubini wameniachia, ila nisitoke nayo nje. Nitaendelea kufundisha kwa sababu mwalimu mwingine hatapatikana haraka. Mwenyekiti alisema hivyo waziwazi, hakunibembeleza. Nilimwambia Bi Somoe nitahama kwake.

"Uhamie kwa nani?" akasema. "Nani hayumo kwenye daftari lako?"

Miche yake ya mpunga ilikuwa tayari kuhamishiwa kwenye lile shamba jipya. Wenzake walimshauri aliache mwaka huu, asije akakutwa humo. Aliwaza siku mbili. Asubuhi ya tatu akanigongea mlango, akanipa kanga kuukuu. "Jifunge twende. Wewe ndiye uliyeliandika, uje ulipande."

Tulishinda kwenye tope la magoti. Mistari yangu ilipinda, yeye akawa ananifuata nyuma na kuinyoosha. Mpaka sasa kila boti yenye sura ngeni ikipita mkondoni, wanawake wa mashamba yote huacha kazi, wananyoosha migongo na kuitazama mpaka inapotea. Na mimi nanyoosha mgongo, natazama pamoja nao.

Nisalimie sana Baba, na umwombe aniwie radhi kwa ule uongo. Msalimie Dada Fausta na kichanga chake, Bibi mzaa baba, Mjomba anayekushikia jembe, na jirani yetu katekista. Huyu mwambie aniombee, bila kumweleza kwa nini. Likizo ya Pasaka nitakuja, na safari hii ni kweli.

Mungu awalinde wote hapo nyumbani.

Mwanao,
Sesilia