Nimefunga Kisima cha Wakfu kwa Maslaha ya Umma, Mbona Majirani Wamenisusa?

Bi Salha mpendwa, shikamoo. Niokoe mama, maana nyumba yangu inawaka moto na kosa langu silioni, mimi ni mjumbe wa kamati ya msikiti hapa Chang'ombe, na mwaka huu nilibahatika kuhudhuria semina ya fikihi ambako shehe alitufundisha habari za maslaha, kwamba sharia huangalia manufaa ya watu wote, nikaona kumbe hili ndilo somo nililozaliwa nalo. Sasa marehemu bibi yangu aliacha kisima cha wakfu kando ya nyumba yetu, akausia kiwe cha kila mwenye kiu, awe Mwislamu au asiwe, mtu au mbuzi, lakini nilipokitazama kwa jicho la maslaha nikaona tope linawachafua waendao kuswali na kina mama wanapiga soga mpaka adhana inawapita, basi nikazungusha ukuta, nikatia kufuli, maji nikayavuta kwa mpira mpaka kwenye tangi langu yasipotee ovyo, nikawa namwagilia kabichi zangu kwa kuwa lishe nayo ni maslaha, na naosha gari langu kwa kuwa ndilo hubeba maiti za mtaa.

Tatizo ni kwamba Jumamosi binti yangu Sabiha anaolewa, na hakuna mwanamke hata mmoja wa mtaa aliyekuja kutusaidia kuchambua mchele. Mama Elisha, jirani yetu Mgogo, Mkristo, ambaye ndiye aliyemwogesha Sabiha arobaini nzima mke wangu alipougua uzazi, siku hizi hata salamu ya "mbukwa" hanipi, na mke wangu alipokwenda kumwomba akajibiwa, "Mama Sabiha, mie nakupenda, ila nije kupika saa ngapi na maji nafuata mpaka Makole?" Sabiha naye analia, anasema Mama Elisha asipokuwepo yeye hatoki chumbani, shehe wa kufungisha ndoa arudi alikotoka. Je, sharia inaniruhusu kuwalazimisha majirani waje kupika, kwa maslaha ya umma?

Mpenda Maslaha, Chang'ombe

BI SALHA ANAJIBU

Marahaba. Barua yako nimeisoma mara mbili nikiutafuta huo umma unaoutaja, nikakuta una watu watatu: wewe, gari lako na kabichi.

Semina ulikwenda, sikatai, lakini nadhani lilipofika somo la masharti ulikuwa umeshatoka nje. Maslaha sharti yawe ya kweli, si ya kudhania, yawe ya wengi, si ya tumbo moja, na yasipingane na andiko. Mafakihi wamesema sharti la aliyeweka wakfu, yaani bibi yako, ni kama andiko la sharia. Na Mtume, rehema na amani zimshukie, alisema watu ni washirika katika maji, malisho na moto. Tope la kisimani dawa yake ni kokoto na saruji kidogo. Wewe umeliondoa tope kwa kuwaondoa wenye kiu!

Hapo kwa binti yako sikucheki. Mzazi kumwona mwanawe analia wiki ya harusi ni msiba, nami nimeumia. Ila aliyemliza ni wewe. Mtu amekuogeshea mtoto, nawe unamfungia maji, hata haya huna? Hilo swali lako la kuwalazimisha watu kupika silijibu, kwa maslaha ya afya yangu.

Fanya hivi. Leo hii toa kufuli, ng'oa huo mpira wa tangi, na ukuta uubomoe kwa mkono wako, mchana, mtaa ukuone. Kisha nenda kwa Mama Elisha. Usimtume mkeo, usiende na kamati. Piga hodi, useme, "Mama Elisha, nimekukosea," halafu unyamaze. Harusi usiitaje kabisa, wala usimfundishe fikihi.

Akija kupika, mshukuru Mungu. Asipokuja, kisima kibaki wazi vilevile. Hakijawahi kuwa chako.