Tangawizi Mfukoni mwa Divine

Jumapili, saa tisa alasiri. Joto la Bugarama leo halina huruma. Asubuhi mvua ilinyesha tukiwa misani, sasa jua limerudi na mashamba ya mpunga yanafuka mvuke. Nimekaa barazani mbele ya cherehani yangu, simu mkononi badala ya mkasi.

Nimekunywa leo. Chupa moja ndogo, wakati wa chakula. Nalitanguliza hili kwa sababu wiki hii nimesema uongo mmoja mkubwa, na sitaki kuufungua ukurasa huu kwa uongo mwingine.

Wanaopita hapa mtandaoni wamezoea kusoma habari za vitenge na mikono ya gauni iliyonishinda kushona. Leo hakuna gauni. Leo ni habari ya binti yangu wa kwanza, Divine, mwenye miaka kumi na sita. Saa hii yuko nyuma ya nyumba anaosha sahani, na wenzake wako bwenini wanajiandaa kwa mtihani wa taifa.

Jumatano walinipigia simu kutoka shuleni kwake, kule juu upande wa Kamembe. Waliniambia tuje wote wawili, baba na mama. Papa Divine aliomba ruhusa kiwandani, pale anapopakia saruji, na Alhamisi asubuhi tukapanda. Njia nzima nilikuwa naomba iwe ni malaria. Fikiria mama anayemwombea mwanawe malaria.

Haikuwa malaria. Animatrisi, yule mama anayewaangalia wasichana bwenini, aliweka vitu viwili juu ya meza ya direktrisi, mkuu wa shule. Cha kwanza kilikuwa chupa ya jus, ya maji ya matunda, iliyojaa pombe ya ndizi. Waliikuta nyuma ya sanduku la Divine baada ya yeye kuanguka kwenye ngazi za kanisa la shule, akicheka peke yake. Cha pili kilikuwa kipande cha tangawizi kilichofungwa kwenye karatasi ya daftari, kimetolewa mfukoni mwa sketi yake ya shule.

"Siku zote anatafuna hii," animatrisi alisema. "Sisi tulizania ni ya sauti, juu anaimba muzuri sana ku korali."

Papa Divine aliitazama ile chupa. Mimi niliitazama tangawizi.

Niliijua. Ilikuwa imemenywa upande mmoja tu, na upande wa pili umeachiwa ganda ili isikauke. Hapa duniani najua mtu mmoja anayekata tangawizi hivyo, na ndiye anayeandika maneno haya.

Direktrisi aliuliza kwa upole kama nyumbani kuna pombe. Papa Divine akamjibu kabla sijavuta pumzi. "Ni batoto ba Kamembe banamuharibu, Madame. Huyu mutoto alitoka kwetu akiwa muzima." Kisha direktrisi akanigeukia mimi. Alijua kwamba nafundisha katekisimu parokiani. Nadhani alitaka kusikia neno langu kwa sababu hiyo.

Nilisema, "Madame, kwetu pombe haifiki mbele ya batoto."

Nililisema vizuri.

Akamuuliza Divine, "Maman yako anasema kweli?" Mwanangu alikuwa anaangalia viatu vyake, vile vyeusi nilivyomnunulia mwanzo wa mwaka. Alinyanyua macho, akanitazama mara moja tu, akasema, "Ndiyo, Madame."

Tangu Alhamisi naisikia hiyo ndiyo. Ninapiga pasi, naisikia. Leo padri alikuwa anahubiri na mimi naisikia hiyo tu. Ningependa zaidi angenitukana mbele ya watu wote, angesema mama yangu ni mwongo, nikajua nimelea mtoto mwenye hasira. Lakini alinifunika, kama mtu anavyomfunika mgonjwa. Moyo wangu umevunjika kwa hilo neno moja.

Wakamrudisha nasi nyumbani. Kesho Jumatatu tunatakiwa kurudi naye kwenye kikao, tueleze mtoto alijifunzia wapi kunywa, ndipo waamue kama anabaki au anatafutiwa shule nyingine. Na shule gani itampokea mwaka wa mtihani, akiwa na barua ya namna hiyo?

Alijifunzia wapi. Basi nitaandika hapa kwanza, labda kesho mdomo utafuata.

Nililelewa Bukavu kabla familia yetu haijarudi Rwanda, na kule kama huku, mwenye nyumba hampi mgeni pombe asiyoionja mwenyewe. Unafungua mbele ya macho yake, unaonja, ndipo unampa, ajue haina sumu na moyo wako ni safi. Kwa Kinyarwanda tunaita gusogongera. Ni adabu nzuri, siisemi vibaya. Ila baba yangu, ambaye alipenda kuchekesha wageni, aliifanya kazi ya mtoto. Mimi nikiwa na miaka sita nilipewa mrija nionje kasiksi, pombe yetu ya ndizi, na wageni walipiga makofi nikikunja uso. Sikumbuki ladha. Nakumbuka makofi.

Divine alipofika miaka mitano, Papa Divine alianza kazi kiwandani. Alikuwa akirudi na saruji hadi kwenye nyusi, anakaa hapo hapo nilipokaa mimi sasa, anasema, "Leteni ya kuosha koo." Wapakiaji wote wanaamini hivyo, kwamba bia inateremsha vumbi. Siku moja nilimpa Divine ile glasi ampelekee baba yake, nikamwambia, onja kwanza kama babu alivyotufundisha. Akaramba povu. Akasimama wima kama askari akasema, "Papa, haina sumu." Papa Divine alicheka mpaka vumbi likamdondoka kichwani.

Kuanzia jioni ile, yeye ndiye aliyekuwa muonjaji wa nyumba. Na ndimi niliyemteua.

Wageni wakija walimwita. Kwenye sherehe ya komunyo yake ya kwanza alizunguka na gauni jeupe nililomshonea mwenyewe, akaonja chupa kwa chupa, kila mtu akitaka picha. Nilijivunia. Alikuwa na miaka tisa. Jioni alilala kwenye mkeka bila kuvua gauni, nami nikasema sherehe imemchosha.

Nani alihesabu povu lilipogeuka kuwa funda, na funda likawa nusu glasi? Nilikuwa naona. Hilo ndilo ninaloungama leo, kwamba nilikuwa naona. Mshonaji haoni nini, mtu anayejua sentimita kwa jicho.

Alipofika kumi na tatu, Jumapili moja tulikuwa tunatoka kwenda korali, nikasikia harufu mdomoni mwake. Mama mwingine angeketi chini na mtoto wake. Mama mwingine angemwambia mume wake, inatosha. Mimi nilikuwa na haraka, na nilikuwa na aibu, na mdomoni mwangu mlikuwa na harufu hiyo hiyo. Kwa miaka mingi nimekuwa nikienda kufundisha katekisimu na kipande cha tangawizi chini ya ulimi, ili watoto wa watu wasinuse chupa yangu ya Jumapili. Basi kile cha siku hiyo nilikikata vipande viwili. Nikampa kimoja. Nikamwonyesha namna ya kuacha ganda upande mmoja.

"Tafuna hii," nilimwambia, "na usizungumze karibu na muntu."

Hayo ndiyo malezi yangu. Wahenga walisema mtoto akibebwa hutazama kisogo cha mama yake. Nimewafundisha watoto wa parokia methali hiyo, tena kwa kidole juu.

Sasa niseme ya leo.

Tangu Alhamisi hatujazungumza humu ndani. Tumekuwa tukipeana chumvi mezani, basi. Mchana nilipika wali na sambaza, dagaa wetu wa ziwani, za kukaanga, tukakaa wanne mezani, sisi wawili na Divine na mdogo wake Keza, mwenye miaka sita. Chupa yangu ndogo ilikuwa tayari pembeni ya sahani yangu, kama kila Jumapili. Papa Divine alitoa chupa yake mwenyewe, akaifungua, akamimina. Kisha akabaki ameishika ile glasi hewani. Si kwa ubaya. Mtoto akiwa nyumbani, mkono wake haujawahi kuinua glasi kinywani kabla haijapita kwa Divine, na mkono haukujua ufanye nini.

Divine alikuwa anaangalia wali.

Keza akaona nafasi. Mtoto huyo anapenda kusaidia. Akashuka kitini, akaipokea glasi kwa mikono yote miwili kama alivyomwona dada yake akifanya siku zote za maisha yake, akauliza, "Leo ni miye naonja?"

Na mimi, Maman Divine, katekista, nilikaa tu. Ningependa kuandika kwamba nilisimama. Nilikuwa na kijiko mkononi, na nilibaki nacho.

Aliyesimama ni Divine. Alimzunguka baba yake, akaitoa glasi mikononi mwa Keza taratibu ili isimwagike, akatafuta pa kuiweka. Meza ilikuwa imejaa. Alimtazama baba yake, akanitazama mimi, hakuna aliyenyoosha mkono. Basi akainywa. Yote, akiwa amesimama, bila kukunja uso hata kidogo.

Akamwambia mdogo wake, "Keza, weye hapana kuonja. Hata siku moja. Hapa ndani ni miye tu naonja."

Akaenda kuiosha glasi. Papa Divine aliiacha chupa wazi na wali haujaguswa, akatoka kuelekea mashambani, hajarudi hadi sasa. Hakufunga mlango kwa nguvu. Nilipomwona kwa nyuma akipita kwenye tuta la mpunga, mabega yake yalikuwa yanatikisika, na katika miaka kumi na minane ya ndoa sijawahi kuona hivyo.

Mimi nikabaki na Keza na chupa mbili. Nikamaliza yangu. Ndiyo. Nimesema sitadanganya leo.

Kisha nikaenda jikoni. Divine alikuwa ameketi juu ya kibao chake na kisu kidogo, anamenya tangawizi upande mmoja. Hakujificha. Alisema tu, "Saa kumi iko korali, Maman," kana kwamba ananieleza kwa nini anatafuta viatu. Nilikaa chini kwenye sakafu, mbele yake. Ilibidi nimtazame kwa kuinua kichwa, na niliona jinsi alivyokonda.

Nilimwambia, "Kesho nitamuambia Direktrisi kweli yote. Nitasema ni sisi tulikufundisha. Hii tangawizi pia nitasema."

Nilidhani atafurahi. Mimi mjinga.

Aliweka kisu chini. Machozi yake yalianza bila uso kubadilika. "Hapana kusema, Maman," alisema. "Bataacha kukuita mwalimu ku parokia. Acha baseme ni miye muntu mubaya. Miye nimeshazoea."

Ameshazoea. Miaka kumi na sita.

Nilimkumbatia, na tulinuka sote wawili, yeye glasi ya baba yake na mimi chupa yangu, mama na mwana hatuna tofauti. Nililia kwa sauti. Yeye ndiye aliyekuwa ananipigapiga mgongo, ananiambia, "Inatosha, Maman, inatosha."

Sijui kesho itaendaje. Huenda wakamfukuza hata nikisema ukweli, huenda kwa sababu ya ukweli wenyewe. Parokia itasikia kabla ya Jumatano, watu wa hapa nawafahamu. Sijui kama Papa Divine atakaa karibu nami kwenye kile kikao au atarudia habari ya watoto wa Kamembe. Sijui kama mimi mwenyewe naweza kupitisha Jumapili ijayo bila ile ndogo yangu, na kuandika hili kunaniogopesha kuliko parokia nzima. Ila najua jambo moja. Mtoto asiende tena mbele ya watu kunionjea sumu yangu.

Saa kumi imepita, na Divine hakwenda korali. Yuko pale nyuma, sahani zimekwisha, sasa anamsuka Keza, nawasikia wakibishana kuhusu mistari. Ile tangawizi nimeitupa kwenye moto wa jikoni, kipande chake na kikapu changu kizima, na nyumba yote inanukia chai.

Asubuhi saa moja tunapanda Kamembe. Nitaingia ofisini kwa direktrisi, nikae karibu naye kabisa, nizungumze kwa mdomo wangu kama ulivyo, bila tangawizi.