Swali la Mke Mwenzangu

Jumanne, 13 Mei

Sketi nane za shule leo, na suruali mbili za madereva. Foleni ya malori imefika mbali sana, na dereva akilala hapa mpakani Malaba siku tatu nguo zake huanza kupasuka zenyewe. Nimefunga kibanda changu cha cherehani saa tisa, nikapanda boda hadi Amagoro kwenye darasa la kipaimara. Tuko kumi na wawili. Kumi na mmoja ni watoto wa sekondari. Wa kumi na mbili ni mimi, mjane wa miaka hamsini.

Mwalimu Oduori aliuliza nani anaweza kueleza kwa nini tunasema Mungu ni mmoja na bado tunataja Baba, Mwana na Roho. Watoto wakainamia madaftari. Nikasema jinsi ilivyo sijui, lakini najua ninavyoomba. Namwomba Baba, Mwana ndiye aliyenifungulia njia, na siku nikikosa maneno Roho huomba badala yangu. Sijawahi kuhisi naongea na watu watatu. Mwalimu akaandika jibu langu ubaoni. Nimefurahi kama mtoto.

Alhamisi, 15 Mei

Msichana mmoja darasani ameuliza mbona nimechelewa hivi. Nikajibu mbele ya wote. Nilikuwa mke wa pili. Kwa kanisa letu mke wa pili anaimba, anatoa sadaka, anafagia. Kwenye Meza ya Bwana hafiki. Miaka ishirini na minne wenzangu wakiinuka kwenda mbele mimi nimebaki kwenye benchi, nimewashikia mikoba. Mzee wangu alifariki Agosti. Sasa mimi si mke wa mtu. Njia iko wazi.

Kitambaa cheupe cha hiyo Meza nilikishona mimi. Hilo sikuwaambia. Ingekuwa majigambo.

Jumapili, 18 Mei

Kasisi ametangaza. Askofu anakuja tarehe 8 Juni. Watoto watafanya mtihani wa kuandika. Mimi, kwa sababu ya hali yangu, nitahojiwa tarehe 28 na kasisi pamoja na wazee watatu wa kanisa. Akasoma majina. Mzee Barasa. Mzee Omuse. Mama Ekisa.

Watu waligeuka kuniangalia.

Mama Ekisa ndiye mke mkubwa. Tuko boma moja, nyumba mbili, katikati kuna ua wa michongoma. Mzee alipougua tulimgeuza kitandani pamoja, yeye upande huu, mimi ule, miezi mitano. Hatukugombana hata siku moja. Tangu mazishi ni salamu tu. Kasisi alimwambia anaweza kukaa kando siku hiyo. Amekataa.

Namwogopa.

Jumatano, 21 Mei

Kasisi ameniita ofisini. Mtu mwema, lakini anapenda mambo yaishe haraka. Amesema Mzee Barasa ataniuliza kama natubu ile ndoa. Akanishauri nisieleze sana. "Sema tu ndiyo, mama, yaishe."

Nimerudi nimekasirika. Nimeshona kola upande usio wake, nikafumua, nikakosea tena.

Lydia, kitinda mimba wangu, alipiga simu kutoka chuoni. Nikamweleza. Naye akasema hayo hayo, ni neno moja tu, Mama, sema. Nikamuuliza, nikitubu ndoa, wewe utakuwa nani? Akacheka, akasema yeye atabaki Lydia. Mtoto ana imani kuliko mimi.

Alhamisi, 22 Mei

Mvua kutwa. Wateja hakuna. Sikuomba.

Jumamosi, 24 Mei

Nimefikiri vizuri. Niandike ili nisijidanganye.

Nilikuwa na miaka ishirini na sita. Nilijua ana mke. Sikuburutwa, sikudanganywa. Nilitoka kwetu Marachi kwa miguu yangu na sanduku langu. Nilimpenda. Watoto wangu si kosa la mtu, na sitasimama mbele ya Mungu nikawaita hivyo.

Lakini siku ya kwanza kitanda changu kililetwa kwa mkokoteni, na Mama Ekisa alikuwa amesimama mlangoni kwake na ungo mkononi. Hakuwa ameambiwa. Alijua alipokiona kitanda. Mimi nilijua kwamba hajui, na bado nilikuja.

Dhambi yangu iko pale. Nimezunguka miaka yote nikiitafuta kwa kasisi, kumbe iko ng'ambo ya ua.

Jumapili, 25 Mei

Baada ya ibada nimeenda kwake. Nilibisha, nikaita hodi mara tatu. Alitoka, hakunikaribisha ndani. Nikamwambia nina neno nataka kumwambia.

"Kama ni la kanisa, utalisema Jumatano," akasema. "Mbele ya wenzangu." Akafunga mlango. Taratibu, bila hasira. Hiyo ndiyo imenitia hofu.

Akina mama wa umoja wetu kanisani wanasema atanikataa. Mmoja alinishika mkono akaniambia nijitayarishe kwa aibu. Nimejitayarisha kwa ukweli. Kama aibu itakuja nao, ije.

Jumanne, 27 Mei

Nimepiga pasi gauni la samawati. Nimelala kidogo mchana. Siogopi tena, au naogopa kidogo tu. Anayehojiwa kesho si mwizi. Ni mtu anayejua Mungu ndiye aliyemshika mkono.

Jumatano, 28 Mei

Chumba cha kando ya kanisa, saa nne asubuhi. Meza moja, wao wanne upande ule, mimi huku. Naandika kabla sijasahau.

Kasisi alianza. Yesu ni nani kwako? Nikasema ni Bwana aliyekufa na kufufuka, hilo naliamini kama mnavyoliamini. Kwangu mimi ni yule aliyebaki nami benchini wengine wakienda mbele.

Mzee Omuse akauliza ule mkate ni nini. Nikasema Bwana ametuambia ni mwili wake, na mimi si wa kumsahihisha. Jinsi inavyokuwa sijui. Akaitikia kwa kichwa, ameridhika.

Kisha Mzee Barasa. "Mzee wako asingekufa, ungemwacha ndiyo uje mezani?"

"Hapana."

"Kwa hivyo ulimpenda mtu kuliko Mungu."

"Hapana, mzee. Nilikuwa Mkristo miaka hiyo yote. Ningeendelea kukaa nyuma, na Mungu angeendelea kuwa wangu. Meza ilinikataa. Yeye hakunikataa."

Alikunja uso. Akauliza lile swali. Je, unatubu ndoa yako? Kasisi aliniangalia kama mtu anayemsukuma ng'ombe kwa macho. Nikafungua mdomo, lakini Mama Ekisa akainua mkono. Alikuwa hajasema kitu tangu tuingie.

"Ngoja kwanza," akasema. "Mimi nina langu. Siku ile ulipokuja, nimesimama mlangoni, kitanda chako kinaingia. Uliniona. Ulifikiria nini?"

Nilikuwa nimejiandalia maneno mazuri. Yote yaliondoka. Likabaki la kweli.

"Nilifikiria umezeeka. Nilifurahi."

Mzee Omuse alishusha macho. Mama Ekisa hakushusha.

"Ulikuwa na miaka thelathini na moja," nikasema. "Nilijua huna habari, na nilifurahi. Hiyo natubu. Namwomba Mungu msamaha, na wewe nakuomba. Watoto siwatubu. Mzee simtubu. Hiyo furaha ndiyo natubu."

Nje kuna mtu alikuwa anafyeka nyasi.

Halafu Mama Ekisa akasema, polepole, "Miaka ishirini na minne watu wananiuliza kama nimesamehe. Kasisi huyu, na yule wa kabla yake. Hakuna aliyeniuliza kama nimeombwa."

Akatoa kitambaa, akafuta pua. Hakulia. Mimi ndiye niliyelia.

Mzee Barasa akakohoa. Akasema swali lake bado halijajibiwa. Mama Ekisa akamgeukia. "Mzee, hiyo ndoa ilikuwa yangu pia. Aliyeumizwa ni mimi. Nimesikia jibu. Mimi sina swali lingine."

Kasisi akafunga kitabu.

Ijumaa, 30 Mei

Nimekubaliwa. Barasa hakupinga, alisema tu iandikwe kwamba aliuliza. Sawa. Iandikwe. Alikuwa na haki ya kuuliza, na mimi nilikuwa na haki ya kujibu kilicho kweli.

Mama Ekisa hajanijia. Sikutarajia aje. Nilimwomba msamaha. Sikumwomba anipende.

Jumapili, 8 Juni

Askofu alichelewa kwa saa mbili. Nilisimama wa mwisho kwenye mstari, nyuma ya watoto. Mikono ya Askofu kichwani pangu ilikuwa mizito. Kisha nikaenda mbele kwa mara ya kwanza. Mkate ulikuwa mkavu na mdogo kuliko nilivyodhani. Sikutetemeka, sikuona mwanga. Nilisema amina, na ilikuwa amina.

Niliporudi mahali pangu, mkoba wangu ulikuwa kwenye mapaja ya Mama Ekisa. Alinirudishia bila kuniangalia.

Jioni wingu jeusi lilitokea upande wa Uganda. Nikamsikia akiniita kutoka ng'ambo ya ua, kwa jina langu. Alikuwa ameanika mihogo, turubai mbili, na watoto wote hawapo. Nikaenda. Tumeanua pamoja, tukatia kwenye magunia, tukaburuta hadi ndani kwake. Hatukuongea sana. Alisema nishike pembe ile. Nikashika.

Matone ya kwanza yalitukuta mlangoni. Amesema nikae hadi mvua ipite. Nimekaa.