Papa, Mwisho wa Hadithi Uliuficha

Papa,

Bado siamini, baba yangu. Jumatatu ulitoka kwenda kusafisha ofisi zako pale stesheni ya Gare du Nord, uliniambia niloweke maharagwe, na mchana napigiwa simu eti moyo umesimama. Maharagwe yalikuwa bado kwenye maji! Nimlaumu nani?

Lakini sikuandikii kwa hilo. Nakuandikia kwa sababu umetudanganya miaka yote hii.

Alhamisi kwenye matanga, hapa sebuleni kwetu Schaerbeek, huku ugenini, watoto wa mtaa uliowasimulia hadithi kila Jumamosi walikuja wote. Wakaomba wasimulie ile ya Ayalandi uliyoipenda: kijana aliyeishi nchi isiyo na uzee, akakumbuka kwao, akarudi juu ya farasi mweupe. Wakaimaliza ulivyowafundisha: anashuka, mama yake anampakulia ugali, vigelegele. Yule madame wa Ayalandi wa ofisini, aliyekupa kitabu chenye hadithi hiyo, alikuwa anatafsiriwa kwa Kifaransa. Uso ukambadilika. "Mais non," akasema, siyo hivyo. Kijana akigusa udongo, miaka mia tatu inamwangukia. Anazeeka palepale, anaanguka, anakufa. Na kwao hakuna aliyebaki.

Mungu wangu! Nilisimama na sinia ya chai, nikasahau nampelekea nani.

Nikafungua kitabu chako. Kurasa za mwisho umezibandika kwa gundi. Gundi, papa! Muntu mzima!

Nikakaa chini. Kila mwaka nilikuambia, karatasi za kusafiria tunazo, twende Bukavu ukaone kaburi la mama yako. Na wewe kila mwaka: "Bon, mwaka kesho." Nikakuambia umemsahau mama yako. Nilisema mbele ya watu! Kumbe uliogopa kushuka, uguse udongo wa kwenu. Nisamehe, papa. Nisamehe, sikujua.

Jana Jumamosi niliwasimulia watoto mwisho wenyewe. Halafu kale kasichana ka jirani, kale kabishi, kakaniuliza kwa hasira: "Na hakuna hata muntu alimushika?"

Nililia mbele yao kama mtoto mwenzao.

Kesho tunapanda ndege pamoja, mimi kwenye kiti, wewe ndani ya sanduku. Usiogope. Wakikushusha kwenye udongo wa Bukavu, nitakuwa nimetangulia chini, mikono wazi. Nakuahidi, papa, nitakushika.

Binti yako,
Neema