Mashine ya Nazi Uliyotuachia Junda

Baba Zuhura mpenzi,

Mwanao sasa hivi ameinama chini ya mashine ya nazi, akagonga chuma kwa kijiko, akaita, "Baba! Toka, wali tayari!" Kosa ni langu. Kila akiniuliza baba yuko wapi, humwonyesha mashine nikamwambia, "Ile kazi ya baba." Yeye amefahamu kwamba umo ndani.

Nimecheka, kisha nimeingia chumbani kukuandikia.

Kaseti yako imefika. Betri za redio yetu zimekwisha, ikabidi tuisikilize kwa jirani yetu Bi Mwanahamisi. Kwa hivyo Junda nzima imesikia kwamba waajiri wako huko Maskati wataka usaini mkataba tena, na kwamba utakubali ili uninunulie mashine ya nazi ya stima, ile ya kuchomeka ukutani. Wanawake walipiga vigelegele. Mimi niliitoa kaseti, nikarudi nayo nyumbani.

Wakumbuka ulivyoanza? Cherehani ya marehemu mama ilikuwa imekufa kichwa. Ukachukua miguu na gurudumu, ukafunga meno uliyoyakata kwenye springi ya lori kule Changamwe, ukaniita kwa mbwembwe. Kukanyaga tu, nazi ikaruka mpaka kwenye makuti, kuku wakashinda wakila. Tena ilikuwa lazima mtu aipande kama baiskeli. Bi Mwanahamisi akakuuliza, "Fundi, na leso niliyojifunga niitundike wapi?" Ukaona haya, ukatoka. Nikadhani umekasirika, kumbe umefuata msumeno.

Ukakata, ukageuza, ukamkalisha kila jirani kwenye kigoda ukimwuliza, "Goti lauma? Mkono wafika?" Mpaka mmoja akakwambia, "Wewe watupimia mashine ama nguo za harusi?" Wallahi, siku ile nilikupenda upya.

Bi Mwanahamisi aliletewa ya stima na mwanawe kutoka huko huko. Ilikuna Ramadhani moja, ikaungua, na kipuri chake hakipatikani. Sasa iko juu ya kabati, imefunikwa kitambaa cha kufuma, imewekewa maua ya plastiki. Aliyeitengeneza hakupata kutuona tunavyokaa. Yako ilipokatika mkanda, niliufunga kwa mpira wa baiskeli, na mahamri yakatoka asubuhi ile ile. Meno nayanoa mwenyewe kwa tupa yako.

Sasa wanawake wengine wataka kama hii, hata wa Chaani wameulizia. Kuna dada Mgiriama auzaye mbaazi, yeye ataka ya kushikia nazi kwa mkono wa kushoto, maana wa kulia ulivunjika utotoni ukapinda. Nani huko Maskati atamtengenezea hiyo?

Mume wangu, mimi sikusoma sana, siwezi kukupangia. Ukisaini nitasubiri, wala sitanuna. Lakini usisaini kwa ajili ya mashine. Zuhura ulimwacha akitambaa. Siku hizi halali mpaka aelezwe habari zako, nami zimeanza kuniishia.

Hiyo ya kushoto nimeanza kuichora kwa mkaa ukutani jikoni. Gurudumu nimelipatia, pedali imenishinda. Ungekuwepo tungeifungua hii tukaitazama pamoja, kwa hivyo nakuomba, kabla hujashika kalamu ya watu hao, fikiri...

Hodi yapigwa. "Fundi yuko? Nimekuja kupimwa mkono!" Ndiye yule dada, baba Zuhura. Nimwambie fundi ni mimi, ama fundi yuaja?