Mama Haondoki Ng'ambo

Mdogo wangu Mizhir,

Nakusalimu wewe, mkeo na wanao huko Basra. Natumaini kile kikohozi kimekuachia. Mimi mwilini ni mzima, ila nina hasira, na fungu lake moja ni lako. Kwenye simu hukunipa nafasi. Ulifoka mpaka salio likakuishia. Sasa tulia, usome.

Unakumbuka Wamarekani walivyokaa katikati ya daraja letu, askari wa serikali upande huu, askari wa Kikurdi upande ule. Walipofungasha wakaenda zao, kila upande ukapanga vizuizi vya zege na kumwelekezea mwenzake mizinga. Mama alikuwa ng'ambo kwa Gelawezh, rafiki yake tangu usichana, amekwenda kumwona daktari wa kifua. Akafungiwa huko. Akafia huko.

Nilimwendea kapteni wa upande wetu nikamsihi jeneza livuke, Mama alazwe kando ya Baba. Akasema ndani ya jeneza panaweza kufichwa bomu. Nikamwambia, "Mwanangu, aliyemo ni mama yangu." Akanijibu, "Rudi nyumbani, mama, haya ni mambo ya usalama." Usalama wa nani, Mizhir? Na wa ng'ambo nao wakasema wanangoja amri ya wakubwa wao. Basi Gelawezh akamwosha, akamvika sanda, na watu wake wakamzika kando ya mama yake Gelawezh. Mimi niliyatazama maziko ya mama yangu kutoka ukingo wa mto, kama mpita njia.

Na huyu baba mdogo Shallal, anayekuambia leo kwamba ukoo umeaibika, alikuwa wapi? Mjini, kwenye karamu ya suluhu, anapigwa picha amekumbatiana na wakubwa wa Kikurdi, mafuta ya kondoo yakiwatiririka viwikoni. Daraja hakulitaja hata mmoja!

Nikachukua mkeka nikaenda kukaa mbele ya kizuizi. Gelawezh aliponiona, naye akaja kuketi upande wake. Tukawa tunaitana juu ya vichwa vya askari. Yeye, na Kiarabu chake cha kuchechemea: "Nawfa! Umekula wewe?" Nami: "Nitakula nikishamsomea mama yangu Fatiha!" Siku zikapita hivyo. Askari wakaanza kutukwepa macho. Nao wana mama zao. Mwishowe kapteni akasema, haya, vuka, lakini urudi kabla ya magharibi. Nikavuka.

Kesho yake wakulima wa nyanya wakamuuliza kapteni, ikiwa Nawfa anakwenda kaburini, wao kwa nini wasiende mashambani kwao ng'ambo? Akawapisha. Wakurdi nao wakaleta wagonjwa wao, wakapitishwa. Sasa kizuizi kiko wazi mchana kutwa, na juzi nimewakuta askari wa pande zote mbili wakinywa chai ya birika moja, wakitaniana ni nani kati yao anayepika chai kama maji ya kuoshea masufuria.

Katikati ya hayo ndipo Shallal akaja darajani na vijana wake na majembe, eti amfukue Mama, Mwarabu hazikwi kati ya Wakurdi. Wa ng'ambo wakakoki bunduki. Wa kwetu nao wakakoki.

Sasa nikuambie alichokuficha. Nilimwendea, nikamvua ile kamba nyeusi ya kilemba chake, heshima yake yote ya uanaume, mbele ya kadamnasi, nikaitupa mtoni. Ndiyo, mimi, mwanamke, dada yako. Nikamwambia, "Mama alipokosa wa kumzika ulikuwa unatafuna nyama. Leo ndiyo umepata jembe?" Hakuna aliyecheka. Kapteni, yuleyule wa bomu, akamshika mkono akamwambia, "Mzee, twende nyumbani." Akaondoka kichwa wazi. Bunduki zikashushwa, za huku na za kule.

Najua watu wa ukoo wanataka uje umwombe Shallal radhi kwa niaba yangu. Usithubutu! Radhi hiyo mimi siiombi, na wewe huna ruhusa ya kuniombea. Lakini ukitaka kuja kwa mama yako, njoo. Tutavuka kwa miguu mchana kweupe, na Gelawezh atatuonyesha alipomlaza, maana ni yeye aliyeingia kaburini kumpokea, wewe hukuwepo, na mimi nilizuiwa.

Wabusu watoto, na mkeo mpe mkono wangu.

Ni mimi dada yako wa tumbo moja,
Nawfa